Protini Iliyotoka Mara Mbili

Binti yangu alirudi Karatu kutoka chuoni na uso wa mtu aliyepunjwa. Baada ya siku kumi angetetea utafiti wake mbele ya walimu, na jibu lake lilikuwa limetoka mara mbili ya ukubwa unaojulikana.

"Ukubwa wa nini?" nikamuuliza. Mimi ni dalali wa ng'ombe mnadani. Nisichokiona nakitilia shaka.

"Wa protini, baba. Haionekani kwa macho. Tunazigandisha, tunazipiga mionzi, kisha tunapima zilizobaki zinafanya kazi kiasi gani. Protini kubwa ni rahisi kupigwa, kwa hiyo kazi yake huisha haraka."

"Kama mvua ya mawe kwenye maboga. Boga kubwa halikosi lake."

"Ndiyo hivyo. Hii yangu imeisha kana kwamba ni kubwa mara mbili. Nimekosea kipimo cha mionzi."

"Ulirudia mara ngapi?"

"Tatu."

Hilo kalirithi kwangu. Pua ni ya mama yake. Mtu akirudia mara tatu, naacha kumshuku yeye, naanza kuushuku mzigo.

Ng'ambo ya uzio jirani alikuwa akilima kwa maksai wawili. Nikamwonyesha.

"Yule wa kushoto akivunjika mguu, wa kulia atalima?"

"Hawezi. Wamefundishwa pamoja."

"Basi mtu aliyesimama barabarani haoni ng'ombe, anahesabu tu plau zinazotembea. Ng'ombe huyu akipigwa, plau imesimama. Akipigwa yule, imesimama. Atadhani ni ng'ombe mmoja mkubwa ajabu."

Akaacha kutafuna muhindi.

"Baba, kuna protini zinazofanya kazi zikiwa mbili mbili."

"Mimi nimesema ng'ombe."

Kesho yake akapanda basi. Chuoni akaipima kwa njia nyingine, isiyotumia mionzi wala kuzitenganisha protini. Ilikuwa jozi. Siku ya kutetea, mwalimu mmoja alimbana kuhusu kipimo, naye akamweleza habari za maksai, kisha akamwekea namba mezani. Wakampitisha.

Nakala ya kazi yake ninayo kabatini. Kwenye ukurasa wa shukrani nimewekwa nyuma ya fundi wa mashine ya mionzi. Sijabishania nafasi hiyo, mimi ambaye hata chumvi nabishania. Angeweza kuniambia, "Hutaelewa, baba," akaenda kulala. Alikaa akanieleza, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.