Prudensia na Waya wa Plagi Mbili

Prudensia si mtu wa maneno mengi, ila akikataa, amekataa. Dhoruba ilikuwa imeangusha miti na nyaya za umeme mtaani kwake Grand Prairie, na wakwe wa binti yake Joyceline walikuwa njiani kutoka Houston kuleta posa. Friza imejaa nyama ya mbuzi inayoanza kuyeyuka, nyumba inachemka kwa joto. Mama wa watu aliogopa aibu.

Ndipo akatokea Elkana, kaka wa mumewe, na jenereta na uso wa mtu anayesubiri kushukuriwa. Alishika waya aliouunga mwenyewe, plagi huku na plagi huku. Kichwa kimoja kwenye jenereta, kingine kwenye soketi ya ukutani, na nyumba nzima ingewaka. Kwao Bukoba walifanya hivyo miaka yote.

"Shem, relax. Main switch nimeizima, umeme hauwezi kutoka nje."

Prudensia alimwonyesha nyuma ya uzio. Fundi alikuwa juu ya nguzo, anaunga nyaya.

"Nyumba imejaa watu, shemeji. Mmoja akiiwasha akidhani anasaidia? Umeme wako utatoka humu, upite kwenye transfoma, uongezeke nguvu, umkute yule. Utamuua."

Elkana akacheka, akainama kutafuta soketi. Prudensia akaleta mkasi wa jikoni. Waya ulikuwa haujachomekwa popote, akaukata katikati. Kumkatia shemeji mkubwa waya wake mbele za watu si jambo dogo.

"Jenereta lako nalihitaji sana," akasema kwa upole. "Liweke uani, mbali na madirisha, tuvute extension mpaka kwenye friza. Wageni watakaa nje."

Wakwe walikuta viti chini ya turubai, mbuzi kwenye mkaa, na mwenyeji kajifunga kitenge chake kizuri. Posa ikapokelewa. Katikati ya chakula, taa za jirani zikawaka, watu wakashangilia.

Prudensia hakutazama taa. Alitazama nguzo. Fundi alikuwa ameshuka, yuko mzima, anavua glavu. Furaha ikampanda, akapiga vigelegele peke yake, kisha wanawake wote wakamfuata, hata wale wa Houston wasiojua kinachoshangiliwa.

Elkana alijua. Alijaza sahani pilau na nyama, akaibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye uzio, akamwita yule fundi aje ale.