Pipa Lililofundisha Kiswahili Gesima

Marafiki nimewasimulia mengi ya kunipa sifa, lakini hili nililificha hadi mvi zikaniota, maana si rahisi kwa mtu mwenye shahada kukiri kwamba aliwahi kupanda kilima mbele ya wanafunzi arobaini akiwa amejifunika nyuma kwa jani la mgomba.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini, nami nilikuwa mwalimu wa muda huko Gesima, kwetu vilimani, sina cheti, na siku hiyo mkaguzi wa shule alikuja kuamua kama nitabaki darasani au nitarudi kuchuma majani chai ya baba. Alikuwa mtu wa pwani (Kiswahili chake kilitiririka, changu kilichechemea), akaketi nyuma na daftari lake. Somo lilikuwa tanakali za sauti. Wanafunzi wakaimba kama kitabu kilivyotaka, mzigo umeanguka pu, mzigo umeanguka pu, hadi mkaguzi akamuuliza Kemunto, msichana wa dawati la mbele, mzigo ukishaanguka pu unafanya nini.

"Unakaa, bwana. Kitabuni unakaa."

"Na hapa kwenu?"

"Hapa hakuna kitu kinaanguka kikakaa."

Darasa likacheka, mkaguzi akaandika kitu, nami nikaona kitabu kimetukanwa. Ningeweza kuendelea na neno lililofuata. Badala yake nikawatoa wote nje, nikasimama kando ya pipa tupu la kukingia maji ya mvua, niwaonyeshe hiyo pu.

"Mwalimu, hapo ni mteremko," akasema Kemunto.

"Hapa ni Kiswahili, si mteremko," nikamjibu, nikalisukuma.

Mimi niliyezaliwa katika vilima hivyo, niliyekimbiza viazi vilivyoniponyoka tangu utotoni, bado niliamini kitabu. Pipa lilianguka, kisha likashika njia ya mtoni kupitia shamba la majani chai, nami nyuma yake kwa sababu ni mali ya shule, udongo umelowa, na katikati ya safari miguu ikanitangulia, suruali (ndiyo pekee ya kazi) ikaachana nyuma, tukaingia mtoni karibu sawia, pipa likinishinda kidogo.

Mama mmoja aliyekuwa akifua alinitazama bila haraka. "Mwalimu, shule imehamia huku?" Akakata jani la mgomba, akanipa, akatazama kando.

Nilipanda nikijua kazi imekwisha. Mkaguzi hata hakunigeukia.

"Kemunto, eleza ulichoona."

"Pipa lilianguka pu, likabingirika bingiribingiri, mwalimu akateleza serere, suruali ikararuka charr, akaingia majini chubwi." Hakusita wala kufungua kitabu. "Sisi tukacheka kwa kwa kwa. Halafu tukanyamaza jii."

"Mbona jii?"

"Tulikukumbuka wewe, bwana."

Mikono yote ikainuka, hata ya wale ambao muhula mzima hawakuwahi kunijibu, kila mmoja ana sauti yake ya kuongeza, na mkaguzi akawasikiliza mmoja mmoja huku akijifuta machozi ya kicheko. Ripoti ilipofika, mwalimu mkuu aliisoma mbele yetu sote: "Wanafunzi wa mwalimu huyu wanazungumza. Abaki. Atafutiwe na suruali."

Nikabaki, na neno hilo la mkaguzi ndilo lililonifikisha chuoni. Lakini tangu siku ile, sauti ya kitu kinachoanguka naitoa kwa mdomo tu, tena nikiwa nimekaa.