Rangi ya Kumpokea Mkaguzi

Mtaani walimwita Mikono Miwili, na jina hilo alilipata kwa haki. Katika miaka thelathini ya kupaka rangi nyumba za watu hakuwahi kukabidhi ukuta uliopigwa mkono mmoja tu wa rangi. Mteja anune, aape kwamba hela imekwisha, yeye kesho yake angerudi na rola kupiga mkono wa pili, hata kwa rangi aliyoinunua mwenyewe. "Mkono wa kwanza ni wa ukuta," alikuwa akisema, "wa pili ndio wa macho." Ufundi wa namna hiyo haumtajirishi mtu. Ulimpa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Nyumba yake ya vyumba vitatu aliinunua kwa mkopo wa benki wa miaka kumi na mitano. Miaka tisa alilipa bila kuruka hata mwezi. Mwaka wa kumi jukwaa likamwangusha kutoka ghorofa ya pili, nyonga ikavunjika, na alipotoka hospitalini alikuwa mtu wa gongo. Tangu hapo alipaka vile tu alivyovifikia akiwa amesimama chini: mageti, milango, vibao vya maduka. Mkewe alifua mashuka ya zahanati, wakawa wanaungaunga maisha. Lakini rejesho la benki lilikuwa lilelile la mtu anayepanda ngazi, na miezi minne ilikuwa imepita bila wao kulifikia.

Alichotaka hakikuwa sadaka. Alitaka benki imwongezee miaka ya kulipa ili rejesho la mwezi lipungue, basi. Jambo dogo kama hilo lilimlia nauli ya safari saba. Dada wa dirisha la mikopo, mwenye sauti laini na majibu magumu, alimtuma barua ya hospitali. Ilipofika akataka ya serikali ya mtaa. Hiyo nayo ilipofika, ile ya hospitali ikawa imepitwa na tarehe.

"Mzee wangu, mfumo unaikataa," alimwambia.

Mfumo! Siku hizi hakuna binadamu anayemnyima mwenzake kitu, kila mmoja anainyooshea kidole mashine. Safari ya nane ndipo aliposikia la maana: mkaguzi angekuja Alhamisi kuangalia hali yao, na akiandika kwamba kweli wamekwama, ombi lingepita.

Mkewe alishusha pumzi. "Afadhali. Tusiguse kitu, aone paa linavyovuja."

"Mgeni aingie kwangu, kwa fundi rangi, akute madoa ukutani?"

"Huyo si mgeni, baba watoto. Huyo anakuja kutazama shida."

"Shida haitandikwi sebuleni, mama."

Mke akashindwa kumtoa kwenye msimamo huo, kwa sababu moyoni hata yeye aliona haya. Aliosha mapazia. Akaenda kwa mdogo wake kuazima makochi mawili, shemeji mtu akayasindikiza mwenyewe kwa mkokoteni huku akitania kwamba benki ikiyapenda ilipe kodi.

Mzee alikusanya mabaki ya rangi yaliyorundikana nyuma ya nyumba, akayachanganya mpaka yakatoa rangi ya maziwa, akapaka siku tatu. Alipanda kigoda, mguu ukavimba, akauma meno. Kwenye dari ya sebule palikuwa na doa la maji pana kama sinia, na lilikuwa bado bichi. Mafundi wangapi alikuwa amewagombeza kwa kupaka juu ya unyevu? Lakini Alhamisi haikuwa na subira. Akapaka hivyohivyo, mikono miwili.

Mkaguzi aliyekuja alikuwa kijana wa miwani, mpole, mwenye adabu zake. Alipobisha hodi, mzee aliangalia gongo lake, akalisukuma nyuma ya mlango. Hakutaka kuonekana anaomba huruma. Akamtembeza kijana chumba hadi chumba kwa miguu yake mwenyewe, jasho likimtoka mgongoni, uso ukicheka.

"Nyumba imependeza, mzee. Nani aliwapakia?"

"Mwenyewe," alijibu, na kifua kilimpanda. "Hata dari hiyo."

"Hata dari? Hongera sana." Kijana akapiga picha. Kisha akampiga picha na yeye, amesimama wima katikati ya makochi ya shemeji.

Mkewe, mlangoni, alifungua kinywa kusema neno, akalimeza. Kumwumbua mume mbele ya mgeni hakuwa amewahi, na hakujua pa kuanzia. Neno hilo alilijutia kuliko yote aliyowahi kuyasema.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Mke ndiye aliyesoma, polepole: mwombaji ana afya na anaendelea na ufundi wake; nyumba imekarabatiwa karibuni, na thamani yake inatosha kulifidia deni lote; benki haioni sababu ya kubadili masharti. Alimaliza, akaikunja, akairudisha kwenye bahasha. Hakumlaumu mumewe. Mzee angeshukuru kama angelaumiwa.

Alirudi benki na gongo lake, akaligonga sakafuni mbele ya dirisha.

"Hili hapa, dada. Siwezi kupanda ngazi. Siwezi!"

Dada aligeuza kioo cha mashine ili naye aone. Kwenye picha alisimama mzee anayecheka, mikono mitupu.

"Siku ya ukaguzi hukuwa nalo, mzee wangu."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba mtu anaweza kuyaficha kwa nia njema kabisa. Njiani kurudi nyumbani alilia waziwazi, gongo mkono mmoja na barua mkono mwingine, hata leso hakuweza kuitoa.

Mvua zilipoanza, doa lilirudi. Kwanza kama chai iliyomwagika, kisha rangi ikavimba, ikapasuka, ikaning'inia vipandevipande. Alipiga simu benki waje waone. Ripoti imeshafungwa, wakamjibu. Nyumba itauzwa kwa mnada Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Jumatano kabla ya mnada alikuja dalali, bwana mwenye haraka. Aliinua macho darini, akaguna.

"Hili litatuharibia bei. Mzee, si nasikia wewe ni fundi? Pafute hapo, benki itakulipa leo leo."

Mke alitarajia mumewe angemfukuza. Lakini gari la kuhamisha vyombo lilikuwa bado halijalipiwa, na hakuna kazi nyingine iliyokuwa imebisha hodi wiki ile.

"Rangi ipo?" aliuliza mzee.

Dalali akatoa kopo kwenye gari. Mke alishika kigoda kisiyumbe. Mzee akapanda, akakwangua maganda, akapaka juu ya unyevu kwa mara ya pili katika maisha yake. Doa lilififia, likabaki kivuli. Kisha akashuka, akaanza kuosha brashi.

"Mkono wa pili je?" mkewe alimwuliza, kwa mazoea tu.

Mzee alikung'uta maji.

"Huo atapiga mwenye nyumba," alisema.