Mbio Nilizochaguliwa

Chokaa iliyolowa ina harufu yake, na ikichanganyika na majani yaliyokatwa asubuhi, mimi huitambua kwa mbali mpaka leo. Kila Januari, shule zilipofunguliwa Johannesburg na joto bado limekaza, mtunza uwanja wa shule yetu kule Turffontein alisukuma kigari chake akichora mistari myeupe juu ya majani. Alasiri mvua ya radi ilikuja ikaifuta, na kesho yake akaichora upya bila kunung'unika. Upepo ukigeuka, ulituletea pia harufu ya mavi ya farasi kutoka kwenye uwanja wa mbio za farasi, mitaa miwili nyuma yetu. Nimesikia watu wazima wakisimulia harufu za utoto wao huku wakitabasamu. Mimi hii inanipandisha hasira, na sioni kwa nini niifiche. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la tano, ambako ndiko watoto wa shule yetu walianza kuruhusiwa kushiriki riadha.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Kila mtoto alipewa karatasi yenye orodha: mbio fupi, mbio ndefu, kuruka mbali, kuruka juu, kutupa tufe. Ulitia alama kwenye mchezo mmoja, mzazi akaweka sahihi, karatasi ikarudi kwa mwalimu wa riadha kabla ya Ijumaa. Mimi sikuhitaji hata kufikiri. Wiki ile ya kwanza godoro la kuruka juu lilikuwa limetolewa stoo lipigwe jua, maana panya walilifanya nyumba yao likizo nzima, na wakati wa mapumziko wasichana wakubwa wakasimamisha nguzo mbili na ufito. Nilijipanga nao nikiwa na viatu vyangu vizito vya shule, sketi nimeikunja kiunoni. Nikakimbia hatua chache, nikarusha mguu mmoja, nikavuta wa pili, nikajikuta nimekaa juu ya godoro linalonuka panya, na ufito uko palepale ulipokuwa. Wakaupandisha, nikaruka tena. Waliupandisha mpaka ukafika kifuani mwangu, wasichana wenye miguu mirefu kuliko yangu wakauangusha, mimi nikapita. Hakuna aliyenifundisha, mwili wangu ulikuwa unajua tu. Niliitia alama karatasi yangu siku hiyohiyo, nikaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikataka kutoboka.

Siku ya kuirudisha, Papa alikuja kunichukua langoni. Sisi ni Wakongo wa Uvira, na Papa alikuwa mlinzi kwenye ghala la matairi. Alikuja amevaa sare yake, buti, mkanda mpana na rungu. Alikuwa akiniuliza kwa Kiswahili kama nimekula, ndipo mwalimu wa riadha, mtu mwenye kofia pana na filimbi shingoni, akasimama kutusikiliza. Akauliza kwa Kiingereza hiyo ni lugha gani. Papa akasema ni Kiswahili, bwana. Uso wa mwalimu ukang'aa. "Kiswahili! Basi nyinyi ndio wenyewe wa mbio ndefu! Kenya!" Papa akamwambia kwa adabu kwamba sisi ni wa Kongo. Mwalimu akapunga mkono akasema ni hukohuko. Kisha akaichukua karatasi mkononi mwangu, akakata alama yangu kwa mstari mmoja, akaweka yake kwenye mita elfu moja na mia tano, akampa Papa kalamu. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao. Papa akaiegemeza karatasi kwenye nguzo ya lango, akatia sahihi.

Nyumbani Mama alikuwa kwenye cherehani yake kando ya dirisha. Mama alikuwa ameniona nikiruka seng'enge ya uani kila nilipotumwa kwa jirani, akajua. "Huyu mutoto ni wa kuruka," alisema. "Kukimbia sijamuona nako." Papa hakukaa hata chini. "Tangu tulifika huku, nani alishasema neno muzuri juu yetu? Kwa kazi, kwerekwere, bageni barudi kwabo. Kwa hospitali, kwerekwere. Leo mwalimu muzima anasema tuko bantu ba mbio, nimwambie hapana? Vraiment, kweli, Mama Mapendo?" Kisha akanigeukia mimi, akanitupia methali: mchagua jembe si mkulima. Nimeitafuna methali hiyo miaka mingi na bado hainipiti kooni. Aliyeitunga hakuwahi kunyang'anywa jembe lake mwenyewe akapewa la jirani. Watu wazima wana methali nyingi zaidi za kumnyamazisha mtoto kuliko walizonazo za kumsikiliza, na Papa alikuwa nazo tele. Lakini kuna nyingine hakuikumbuka, kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Alisifiwa mara moja tu langoni, akalewa msimu mzima.

Kwa kuwa sasa tulikuwa Wakenya, ilibidi tutafute mafunzo ya Kikenya. Papa alimfuata Mkenya pekee tuliyemjua, Baba Achieng, muuza majaketi aliyepanga chumba cha mwisho kwenye ua wetu, mtu wa kitambi cha heshima. Baba Achieng alicheka mpaka akashika ukuta. "Ai, mzee, mimi? Hata kwa robot, hizi taa za barabarani, magari yananipigia honi, mimi navuka polepole. Kwetu Kisumu tunakula samaki na kubishana siasa. Hao wa kukimbia ni watu wa milimani huko, hata mimi nawaona kwa TV." Papa hakukubali. Aliendelea kumbana kama afisa wa forodha, mpaka yule maskini, ili aachiwe aende zake, akasema basi labda ni chai ya maziwa. Tangu siku ile kila alfajiri nilimiminiwa kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, nzito, yenye sukari vijiko vinne, nikainywa yote kabla ya kukimbia. Kila alfajiri niliitapika penye kona ileile. Papa akasema tumbo litazoea, mvumilivu hula mbivu.

Tulikimbia kandokando ya ua wa uwanja wa farasi. Yaani mimi nilikimbia mbele, na Papa, ambaye alikuwa ametoka zamu yake ya usiku na hakuwa na muda wa kubadilisha nguo, alinifuata nyuma na buti zake akipiga kelele, "Kaza! Kaza!" Sasa fikiria mwenyewe. Asubuhi ya Johannesburg, mtoto mweusi anakimbia roho juu, nyuma yake mlinzi mwenye sare na rungu anamkimbiza. Siku ya tatu gari likasimama, dereva akaruka nje, akanidaka mkono akaukunja nyuma ya mgongo, akampigia Papa kelele, "Nimemkamata!" Nililia kwa maumivu. Papa alifika akihema, akaeleza kwamba mimi ni binti yake, kwamba ni mazoezi, na yule mtu akaniachia akisema sharp, sharp, hakuna shida. Papa aliona jambo lile la kuchekesha. Aliwasimulia kanisani Jumapili, watu wakacheka hadi mchungaji. Mimi nilikaa kwenye benchi na mkono uliovimba, nikiwachukia wote pamoja na kwaya yao.

Nilijaribu, isisemwe kwamba sikujaribu. Wiki moja kabla ya mashindano nilimfuata mwalimu mwenyewe, nikamwomba aniache niruke mara moja tu mbele yake. Siku hiyo alikuwa kwenye godoro na wasichana aliowateua. Aliangalia saa yake, akasema haya. Ufito ulikuwa mahali ambapo msichana wake bora alikuwa ameugonga mara mbili. Nikavua viatu, nikakimbia, nikapita bila hata kuugusa. Aliona. Ningekuwa na amani leo kama asingeona, ningesema hakujua, bahati mbaya, dunia ndivyo ilivyo. Lakini alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, na alipiga makofi. "Vizuri sana," akasema. "Ila wewe usipoteze nguvu zako hapa. Nyinyi watu mna mapafu." Kisha akanielekeza kwa filimbi nirudi kwenye mbio. Nilirudi. Nina hasira na yule mtoto niliyekuwa pia, kwa kuwa alirudi.

Siku ya mashindano shule nzima ilikaa kwenye majani kwa rangi za nyumba zao, kama makundi ya shule yalivyoitwa, na mabango na vuvuzela, na wazazi chini ya miavuli. Papa alikuwa ameazima kamera. Tulipoitwa, mtu fulani alianza kupiga kelele "Kenya! Kenya!" na upande wote wa bluu ukaitikia, na nikamwona Papa naye akiitikia, ngumi juu. Mzunguko wa kwanza niliweza. Wa pili chai ilianza kupanda. Wa tatu wasichana wote walikuwa mbele yangu, na aliyekuwa akiongoza alinizidi mzunguko mzima, akanigusa bega akinipita kama kunipa pole. "Kenya! Kenya!" iliendelea, ila sasa ilikuwa kicheko, na vuvuzela zilinifuata hatua kwa hatua hadi mwisho. Nilimaliza nikitembea. Wakati ule, upande wa pili wa uwanja, walikuwa wakitangaza mshindi wa kuruka juu. Ulikuwa urefu ambao mimi nilikuwa nimeupita na viatu vya shule.

Mwalimu alitufuata penye bomba la maji. Sikutarajia aombe radhi, lakini sikutarajia pia kile alichokisema. Alimwambia Papa, kwa sauti ya mtu aliyeuziwa bidhaa mbovu, kwamba alidhani mtoto anajua kukimbia, na kwamba nafasi ile angempa mwingine. Na Papa, ambaye hakuwahi kusema najua kukimbia, ambaye alisema sisi ni wa Kongo, alivua kofia yake ya ulinzi. "Sorry, sir," akasema. "Sorry, sir." Mara mbili. Njia nzima nilimuuliza kwa nini ameomba msamaha, nikamuuliza kwa sauti, barabarani, bila adabu. Hakunikaripia. Alibeba begi langu na kamera ya watu, akatembea. Mwaka uliofuata niliweka tena alama kwenye kuruka juu. Mwalimu akaniambia nafasi zimejaa. Sikuiomba mara ya tatu.

Siku hizi naishi Randburg, nina binti wa miaka kumi, na Papa, aliyebaki peke yake baada ya Mama kufariki, anakaa nasi. Mwezi wa kwanza mwaka huu tulikwenda wote watatu shuleni kwa binti yangu. Kocha wao ni msichana mdogo tu. Aliwagawa watoto, akawapitisha kila mahali: wakakimbia kidogo, wakaruka, wakatupa tufe, zamu kwa zamu. Halafu akachuchumaa mbele ya kila mmoja akazungumza naye, akaandika. Alipofika kwa wangu, mtoto alionyesha tufe, ambalo lilikuwa limemwangukia karibu na kidole, na kocha akaandika tufe. Jambo zima halikuchukua hata saa moja. Nilikuwa nimejiandaa kufurahi. Badala yake hasira ilinirudia, maana miaka yote hii nilijiambia kwamba mambo yalikuwa magumu wakati ule, watoto walikuwa wengi, walimu wachache, wakimbizi hatukuwa na sauti. Kumbe lilikuwa swali moja. Lingetoshea pale langoni, kabla kalamu haijatoka mfukoni.

Papa hasikii vizuri tena. Alinivuta mkono, akauliza, "Ule binti amemwambia nini mutoto?"

"Amemuuliza anapenda nini, Papa."

Aligeukia uwanja. "Njo hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha. "Mapendo," akasema, "ule mwaka, miye…" Akanyamaza. Akaanza upya, akanyamaza tena. Nililijua neno analolitafuta, lilelile alilompa mwalimu mara mbili penye bomba, na ningeweza kumpa. Yeye ni mzee, mimi ni binti yake, na ndivyo tulivyolelewa, kumpokea mzee mzigo anapochoka. Nikakaza macho kwa mwanangu na tufe lake, nikamwacha alitafute mwenyewe.