Mikunjo Miwili Kati ya Nyusi

Miaka mingi ya kukunja uso juani nikikagua malori ya wateja wangu wa uwakala wa forodha hapa mpakani Tunduma ilinichimbia mikunjo miwili kati ya nyusi. Kila siku hakukosekana dereva wa kuniuliza, "Mama, leo umekasirika?" Wala sikuwa nimekasirika. Nilipofika miaka hamsini na mbili nikaamua kwenda Mbeya kwa daktari wa ngozi anayechoma sindano za kulainisha uso.

Alinichoma mara tano, kila mara kama kuumwa na siafu.

"Usipasugue leo," akasema, "na usitegemee kurudi usichanani."

"Usichana nilishaumaliza vizuri, daktari. Nataka uso usionisingizia hasira."

Wiki mbili baadaye nilikwenda kijijini kwetu Ruanda kumsaidia mama yangu kuchuma kahawa. Alinitazama sana, nikamweleza ukweli wote. Kwa kuwa yeye ni mzee wa kanisa, nilijiandaa kukaripiwa. Badala yake akanigusa paji la uso.

"Kumbe ni jua tu! Miaka yote hii nilidhani mumeo anakutesa."

Nilicheka mpaka kikapu kikanitoka. Jioni alimpigia simu mkwewe, akamsalimia kwa upole ambao mume wangu hajauelewa mpaka leo.