Farasi Asiyeenda Peke Yake

Mume wangu alipofariki, chama chetu cha akina mama wa Gitothua kilifanya kikao cha dharura kikapanga zamu ya kukaa na mimi. Sikuulizwa. Kila siku mmoja wao alikuja dukani kwangu ninakouza nafaka, akaketi juu ya gunia la ndengu, akanitazama usoni kama mtu anayechunga maziwa yasifurike jikoni. Nikianza tu kulengwalengwa na machozi, mkono unashikwa: "Jikaze, mama. Usilie. Watoto wanakuangalia." Mwaka ukapita sijalia. Siwasengenyi. Walinipikia, wakanioshea vyombo, wakanipelekea watoto shule. Lakini jamani, nilitaka kulia! Nilitaka saa moja tu mahali hakuna mtu, nilie kwa sauti mpaka nitosheke.

Hapo ndipo farasi wanaingia. Marehemu, kila tukipita lango la wale wafugaji wa farasi upande wa Thika, alisema akistaafu lazima apande mmoja. Mwanamume aliyekuwa akimkimbia jogoo wa jirani! Nilimcheka miaka yote ya ndoa yetu. Basi Jumamosi moja nikafunga duka, sikuaga mtu wa chama, nikaenda.

Mwalimu wa pale, jamaa mpole kutoka Kakamega, aliniuliza kama nataka kujifunza na kikundi au peke yangu. Akaanza kunieleza kuwa watu wazima wengi hupenda kikundi kwa sababu wanapeana moyo.

"Moyo nimepewa, umetosha," nikamkata. "Weka mimi peke yangu."

Akasema hiyo ni ghali zaidi. Nikamwambia hata ingekuwa ghali namna gani, sitaki kuona mtu.

Nilipandishwa kwa kijingazi, mwalimu akinisukuma kwa chini na mimi nikimwita Ngai, Mungu wa kwetu, kwa juu. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: farasi atembee, mimi nilie. Farasi akakataa. Mwalimu akamvuta, akambembeleza, akampigia mluzi. Wapi! Alisimama palepale anatafuna hewa.

"Huyu amezoea kufuata wenzake," mwalimu akasema kwa aibu. "Peke yake haendi."

"Sasa mbona ukanipa huyu?"

"Ndiye mpole, mama."

Nikakaa pale juu katikati ya uwanja, sina pa kwenda, na mwalimu amesimama chini ananitazama usoni kwa huruma. Yaani hata yeye! Machozi yakarudi yalikotoka. Tukakubaliana nirudi wiki iliyofuata, atanitafutia farasi mwingine.

Wiki iliyofuata nilikuta chama kizima langoni. Jumamosi ile ya kwanza, mwenzetu wa Mwihoko alikuja kwa zamu yake akakuta duka limefungwa, akamuuliza kinyozi wa mlango wa pili, ambaye nilikuwa nimemwambia mwenyewe ninakoenda, na kinyozi huyo hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Sasa walikuwa hapa, sketi ndefu juu ya suruali za mazoezi, chupa za chai kwapani, chapati kwenye kikapu. Mwenyekiti wetu alikuwa tayari anamwelekeza mwalimu.

"Mimi nimelipia peke yangu!" nikafoka.

"Hiyo tumebadilisha," akasema mwenyekiti. "Sasa ni kikundi. Na wametupunguzia."

Damu ilinichemka. "Haiya! Hata farasi? Hata kwa farasi mtanikalia?"

Waliangalia chini kidogo, nikadhani wameelewa. Kumbe walikuwa wameinamisha vichwa kwa maombi. Kikao kilifunguliwa rasmi. Waliombewa farasi, waliombewa wenye farasi, nikaombewa mimi kwa kirefu. Kisha katibu akatangaza kwamba atakayechelewa kupanda atalipa faini kama kawaida. Mwalimu aliitikia amina kofia ikiwa mkononi. Nilikasirika mpaka nikasahau kuogopa, nikampanda yule yule mkaidi wangu bila kusukumwa, maana farasi wengine wote walikuwa wamechukuliwa.

Tulipangwa mstari mmoja. Mwenyekiti mbele kwa sababu ya cheo, na mimi mwisho kabisa. Mwalimu akashika kamba ya farasi wa mbele, akavuta, na wote wakafuata. Wangu naye akaondoka kama aliyekuwa akingoja hilo tu.

"Kila mtu atazame mbele!" mwalimu akapaza sauti. "Ukigeuka nyuma, unaanguka!"

Wee, nani angegeuka? Walikumbatia matandiko kwa mikono miwili, shingo zimekauka. Mwenyekiti, mwanamke anayemgombeza chifu hadharani, alikuwa akimwita Yesu kwa sauti ndogo sana.

Nikainua macho nikaona migongo. Tangu mazishi nilikuwa nimeona nyuso zao tu. Sasa ilikuwa migongo, sketi zinapepea, na hakuna uso hata mmoja. Kilio kikaja. Nililia kwa sauti, nikamgombeza mume wangu kwa kuniacha, nikamwambia ni yeye alitakiwa kuwa hapa juu, si mimi.

"Nani analia huko nyuma?" mwenyekiti akauliza, kichwa mbele.

"Ni mimi!"

Zilisikika kwato tu. Nikangoja niambiwe nijikaze.

"Wewe lia tu, mama," akasema mwenyekiti. "Hapa hakuna mtu anaweza kugeuka."