Swala Dume wa Nyuma ya Jiko

Baba mdogo Mulwa alimuua baba yangu, Nzuki, na kwa miaka kumi na saba hakuna aliyenitamkia jambo hilo. Ulikuwa mwaka wa njaa, themanini na nne, nami nilikuwa na miaka sita. Ndugu wawili waliingia porini Yatta na pinde zao, akarudi mmoja.

Kwetu Ukambani kila mwindaji huchonga alama yake kwenye mshale, ili mnyama akianguka ijulikane ni wa nani. Wazee waliutafuta mshale mwilini mwa baba ili wausome, wakakuta tundu tupu. Mulwa akasema wawindaji wageni ndio waliompiga, wakauchomoa, wakatoroka nao. Wageni gani hao wanaohangaikia mshale mtu akikata roho? Lakini ndiye aliyenilea na kunisomesha. Nilikula ugali wake nikanyamaza.

Uzeeni akapata kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kama kejeli. Ranchi iliyopakana nasi, upande wa Kithimani, ilikuwa na kibali cha kuvuna wanyama, yaani kuwapiga risasi kwa nyama, kila Julai. Yeye aliajiriwa kuwaangalia madume kabla ya msimu, aseme yupi pembe zimekomaa na yupi bado.

Mwaka wa tisini na saba, swala pala mmoja mchanga alianza kupenya ua wa minyaa nyuma ya jiko letu, akila kunde zangu bila haya. Pembe zake zilikuwa fupi kama vidole gumba. Niliokota jiwe. Baba mdogo akanishika mkono.

"Wachana naye, Ndinda. Amekuja kuniangalia."

Eti swala ndiye mwangalizi! Nilicheka, kisha nikaona hajaniachia mkono, nikaliangusha jiwe.

Tangu hapo kila asubuhi alikaa mlangoni mwa jiko, chai ikimpoa mkononi. Mwaka wa pili pembe zilipita masikio. Wa tatu zikapinda kwenda nyuma, zikaota pingili kama muwa. Yule mnyama alikuwa akiacha kula, anainua kichwa, anamkazia macho mzee mpaka mimi niliyekuwa pembeni nasisimkwa na mwili. Kadiri pembe zilivyorefuka ndivyo baba mdogo alivyokonda. Kila Julai Dedan, msimamizi wa ranchi, alimuuliza habari za dume la kwetu, naye akajibu, "Huyo bado mtoto."

Nilijua anadanganya, na nilijua kwa nini: alimwona baba yangu ndani ya yule mnyama. Watu walinong'ona, na lisemwalo lipo. Sikutaka ng'ombe wa fidia wala kikao cha ukoo. Nilitaka aniambie yeye mwenyewe, kwa kinywa chake.

Julai ya elfu mbili na moja, Dedan alikuja mwenyewe na mpiga bunduki, saa moja asubuhi, swala akiwa katikati ya kunde.

"Mzee Mulwa, si uko na macho? Na huyu ndiye unaniambia ni mtoto?"

Bunduki ikainuliwa. Baba mdogo akamwaga chai, akakimbilia shambani mikono juu.

"Aiya, usipige! Hata mimi niliona nyasi zikitingika nikafikiri ni swala! Ilikuwa ndugu yangu! Ilikuwa Nzuki! Ni mimi nilitoa huo mshale!"

Mpiga bunduki alikuwa amesimama upande wa pili, akafyatua kabla mzee hajafika. Swala akapiga magoti, akalala. Dedan aliona ni mzee aliyerukwa na akili. Akatuachia paja moja la pole, wakaburura nyama yao kwenye pikapu.

Baba mdogo alirudi jikoni, magoti yamejaa vumbi.

"Ndinda, umesikia vile nimesema?"

Nilikuwa nimesikia kila neno. Hasira ilinipanda. Miaka yote hiyo nimengoja, kisha neno langu anampigia nalo kelele mtu wa bunduki, kwa ajili ya swala! Nilitaka alirudie polepole, akinitazama mimi.

"Sijasikia kitu, baba mdogo. Bunduki imenifunga masikio."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kunawa. Tuliishi hivyo miezi saba zaidi. Nikimpelekea chakula nilikuwa nachelewa makusudi kuondoka, nimpe nafasi. Alisema asante tu.

Tulimzika Februari. Angerudia mara moja, ningemsamehe. Nilikuwa nimeshaamua, na hilo sikumwambia.